Nani Apewe, na Nani Akopeshwe?

Wahenga walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Maneno haya tumeyasikia tangu utoto, nayo yalitumika kwa aliyekopa ng'ombe wa mahari na kwa aliyekopa nyavu za kuvulia. Siku hizi huku kwetu Kiseke, katika wilaya ya Ilemela mjini Mwanza, twayasikia zaidi kwa habari ya vyuo. Kila mwaka, matokeo ya Kidato cha Sita yakiisha kutangazwa, utawaona vijana wakipanda na kushuka vilima vyetu vya mawe, bahasha mkononi. Huyu aenda kwa mwenyekiti wa mtaa kutafuta sahihi, yule aenda kwa wakili kula kiapo, na mwingine amesimama dukani penye mashine ya kunakili, akingoja vyeti vyake. Wote wataka kitu kimoja, nacho ni msaada wa Serikali wa kulipia masomo ya chuo.

Habari ya msaada huu imekwisha kusemwa na wengi, kwa sifa na kwa lawama. Lakini tumeona ya kuwa wengi wasemao hawajausoma Mwongozo utolewao kila mwaka na Bodi ya Mikopo, ambao ndani yake mmeandikwa nani aombe, aombe kwa njia gani, na apimwe kwa kipimo gani. Sisi tumeusoma kalamu mkononi, kama mwalimu asomavyo insha za wanafunzi wake. Leo twataka kuuhakiki kama uhakikiwavyo utungo wo wote, yaani tuseme palipo pema, kisha tuseme palipo na kosa, na mwisho tutoe shauri. Maana kijitabu hiki chaamua maisha ya vijana wengi kuliko vitabu vyote vilivyomo katika makabati ya shule zetu.

Yafaa kwanza tukumbuke tulikotoka. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, kijana aliyefika Chuo Kikuu alilipiwa na Serikali masomo, chakula na malazi. Hakuna aliyeuita msaada ule mkopo. Walakini tusidhani ya kuwa ulikuwa zawadi tupu isiyo na deni. Mwalimu Nyerere, mtu wa Mara, jirani zetu wa ziwa hili, naye mwenyewe alisoma Makerere tangu 1943 hata 1945, na Edinburgh tangu 1949 hata 1952. Aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali na kurudi na chakula cha kuwaokoa wenziwe. Mtu huyo akila asirudi, ni msaliti. Basi deni lilikuwapo tangu hapo, lakini lilikuwa deni la kulipwa kwa kazi, si kwa fedha.

Wala deni hilo halikupokewa kwa urahisi. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kulipinga Jeshi la Kujenga Taifa, kwa sababu walitakiwa kutumika miaka miwili, na katika miezi 18 ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara. Rais alikasirika, akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Na papo hapo akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Twalikumbusha jambo hili ili msomaji aone mambo mawili. La kwanza, swali la kwamba aliyesomeshwa na wote awalipe wote nini, si la leo. La pili, yule aliyewadai vijana alianza kwa kutia mkono katika mfuko wake.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mfuko wa Serikali ulikuwa umepungukiwa, na hapo likaingia neno jipya, kuchangia gharama. Mikopo iliyotolewa kwa wanafunzi tangu Julai 1994 ndiyo ya kwanza katika hii idaiwayo hata leo. Kisha Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 iliiunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi mwezi Julai 2005. Tangu wakati huo deni la kazi limegeuka kuwa deni la fedha, lenye mkataba, hesabu na makato.

Sasa tuseme palipo pema, maana mhakiki asiyeweza kusifu hastahili kusikilizwa alaumupo. Fungu la mikopo limekua sana. Mwaka wa masomo 2021/2022 zilitengwa shilingi bilioni 570, na mwaka uliofuata, 2022/2023, zikafika bilioni 654. Huku chini pia njia imefunguliwa, kwa kuwa tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za sekondari za Serikali hadi Kidato cha Nne, na mwaka 2022 ikaondolewa katika Kidato cha Tano na cha Sita. Tena tangu 2023/2024 mikopo imeanza kuwafikia baadhi ya wanafunzi wa stashahada, si wa vyuo vikuu peke yao. Na tarehe 1 Mei 2021, katika uwanja wa Kirumba, mwendo mfupi tu kutoka hapa Kiseke, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaambia wafanyakazi ya kuwa tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka ili kulinda thamani ya mkopo imefutwa. Waliokuwa wakikatwa mwaka baada ya mwaka huku deni halipungui walirudi nyumbani wakiwa na furaha, na furaha yao ilikuwa ya haki.

Haya yote ni mema, nasi hatuyafichi. Lakini tukiisha kuyasema, yatubidi kusema na makosa, nayo ni matatu: moja la jina, moja la kipimo, na moja, kubwa kuliko yote, la mgawanyo.

Tuanze na jina. Aliyekopa, hata akiwa amekwisha kutoka chuoni na kukatwa mshahara wake kila mwezi, huitwa "mnufaika". Neno hili limo katika maandiko ya Bodi, limo katika magazeti, na sasa limo katika vinywa vya watu. Sisi shuleni twawafundisha watoto ya kuwa aliyepewa ni mnufaika, na aliyekopa ni mdeni. Huenda msomaji akatuambia, "Waalimu, ninyi mwagombania maneno." La, twagombania maana. Wazazi wengi wa huku, mtoto akipata mkopo, husema kwa furaha kwamba Serikali "imemsomesha". Hushangaa miaka baadaye, mtoto apatapo kazi na mshahara ukaja umepunguzwa, hata wengine hudhani ya kuwa mwajiri amemwibia. Na si makato madogo. Sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, makato ya mwajiriwa yalipanda kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na badiliko hilo liliwapata hata wale waliokwisha kukopa zamani. Deni si aibu, na mtu mwaminifu hulilipa. Lakini mtu alipe deni alilolijua tangu siku ya kwanza, kwa jina lake na kwa kiasi chake.

Kosa la pili ni la kipimo. Mwongozo wasema ya kuwa mkopo ni wa mhitaji, na neno hilo ni jema. Lakini uhitaji wapimwaje? Kwa sehemu kubwa wapimwa kwa karatasi: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mzazi kwa aliye yatima, namba za uhakiki, sahihi za wakubwa wa mtaa, na kiapo. Ni kweli pia ya kuwa wale walioandikwa katika daftari la TASAF wamefikiriwa, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini si kila maskini yumo katika daftari lile. Tena kuna ada ya kuomba, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa shilingi 30,000, na juu yake nauli, na fedha ya kunakili, na fedha ya kukaa penye kompyuta ya mtu.

Twatoa mfano mmoja, bila kutaja jina. Tulimfundisha msichana mmoja mwenye bidii, ambaye baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa. Usiku mmoja upepo uliwakuta wavuvi mbali na pwani, mtumbwi ukapinduka. Mwili wa baba ulionekana siku ya tatu, karibu na kambi ya wavuvi kisiwani, ukazikwa huko huko, kwa maana haukuweza kusafirishwa. Hakuna aliyekiandikisha kifo kile. Ziwa humeza mtu, wala halitoi cheti. Miaka ikapita, msichana akafaulu Kidato cha Sita, akaenda kuomba mkopo. Fomu ikamwuliza kama baba yu hai au amefariki. Akajibu kwamba amefariki. Fomu ikataka cheti. Mama yake, muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba, alifunga biashara yake, akapanda chombo kwenda kisiwani kuwatafuta wale waliochimba kaburi, wapate kuwa mashahidi. Wengine walikuwa wamehama, mmoja alikuwa amekufa. Hata barua zilipokamilika na cheti kikapatikana, muda wa kuomba ulikuwa umekwisha. Msichana alikaa nyumbani mwaka mzima akipanga dagaa juani. Mwaka wa pili aliomba akapata, na sasa yuko chuoni. Lakini twawajua wengine ambao kwao mwaka mmoja wa kukaa umekuwa miaka yote.

Je, ni nani wa kulaumiwa? Tulipokuwa tukiwaza juu ya habari hii tuliwatafuta wakosaji wengi, na kila tulipotafuta tulijikuta sisi wenyewe mbele. Katika daftari letu la shule, tangu mtoto yule alipoingia Kidato cha Kwanza, tulikuwa tumeandika neno "yatima" mkabala wa jina lake. Miaka minne tuliliona neno hilo kila tulipoita majina asubuhi. Hatukumwuliza hata siku moja kama cheti kipo. Tuliandika neno kwa wino, tukadhani tumemaliza kazi.

Lakini tukiisha kukiri kosa letu, bado kipimo chenyewe kina kasoro. Karatasi ni kitu ambacho maskini hukikosa kabla ya vitu vingine. Mtoto wa karani ana vyeti vyote katika jalada. Mtoto wa mvuvi ana kaburi kisiwani. Ukiwapima wote wawili kwa karatasi, yule wa kwanza ataonekana ameeleza hali yake vizuri, na yule wa pili ataonekana kama mtu anayeficha jambo. Kipimo cha namna hii kwa hakika chapima ustadi wa kuandika habari za umaskini, na ustadi huo ni nadra kuwa mikononi mwa maskini.

Sasa twafika kwenye kosa la tatu, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Serikali yetu hutoa misaada ya namna mbili. Namna moja ni mkopo, nao hurudishwa. Namna ya pili ni ruzuku, nayo hairudishwi. Mwaka 2022/2023 ilianzishwa ruzuku mpya iitwayo Samia Scholarship, ikatengewa shilingi bilioni 3, kwa ajili ya wanafunzi waliopata alama za juu kabisa katika masomo ya sayansi ya Kidato cha Sita, wapate kusoma sayansi, uhandisi, hesabu na utabibu bila kulipa cho chote. Nia yake hatuibishi. Nchi yahitaji matabibu na wahandisi, na mtoto aliyejitahidi astahili kutunzwa.

Lakini msomaji na aziangalie namna hizi mbili pamoja, wala asiziangalie moja moja. Mkopo hutolewa kwa kupima uhitaji. Ruzuku hutolewa kwa kupima alama. Maana yake ni kwamba aliyethibitishwa kuwa maskini hupewa deni, na aliyethibitishwa kuwa hodari hupewa zawadi. Kama tungekuwa tumeyapanga mambo haya upya, bila kuwa na desturi iliyotutangulia, je, tungeyapanga hivi? Tungempa deni yule asiye na kitu, na zawadi yule ambaye hatukumwuliza hata kidogo kama ana kitu?

Wako watakaosema ya kuwa wenye alama za juu nao waweza kuwa maskini. Ni kweli, na twawapongeza kwa moyo wote, maana wameshinda mara mbili. Lakini sisi waalimu twajua alama hutokana na nini. Alama si bidii peke yake. Ni bidii pamoja na maabara yenye vifaa, mwalimu wa fizikia aliyepo tangu Januari hata Novemba, kitabu kwa kila mtoto, chakula cha mchana, na taa ya kusomea usiku. Katika shule nyingi za kata mwanafunzi huujua mrija wa kupimia kwa picha ya ubaoni, na siku ya kuushika mkononi kwanza ndiyo siku ya mtihani. Mtoto wa namna hiyo akipata daraja la pili amepanda mlima mrefu kuliko wengi waliopata la kwanza. Lakini orodha ya alama haina mahali pa kuandika urefu wa mlima.

Tuwafikirie wasichana wawili. Mmoja amelelewa katika nyumba yenye mishahara miwili, akasomeshwa katika shule ya ada kubwa, akawa miongoni mwa walioongoza. Akapewa ruzuku, akasoma utabibu, akawa daktari. Wa pili ni wa mwambao wetu, mama yake muuza dagaa. Alipata alama za kutosha, akapewa mkopo, akasoma ualimu wa kemia, akapangiwa shule ya kisiwani. Siku ya mshahara daktari hakatwi kwa ajili ya masomo yake hata senti moja, naye mwalimu wa kemia hukatwa asilimia 15. Hakuna aliyefanya dhambi hapo: daktari alistahili, na mwalimu alikopa kwa hiari yake. Hata hivyo ukiitazama hesabu yao utaona ya kuwa aliyekuwa nacho ameongezewa, na aliyekuwa hana ndiye alipaye.

Bwana mmoja atasema, "Serikali haiwezi kuwapa watu wote bure." Nasi twakubali, wala hatuombi hivyo. Fedha za mkopo zikirudishwa humsomesha mwingine, na kwa sababu hiyo mdeni asiyelipa amemnyang'anya mdogo wake kiti. Lakini tazama ukubwa wa ruzuku yenyewe. Katika mwaka ule wa 2022/2023, bilioni 3 za ruzuku ile mpya zikiwekwa kando ya bilioni 654 za mikopo, hazifiki hata nusu shilingi kwa kila shilingi 100. Kwa hiyo hoja yetu si kwamba mfuko upanuliwe. Hoja yetu ni kwamba kiasi hicho kidogo kiwekwapo mezani, mkono wa kwanza kukifikia uwe wa nani.

Mwingine atasema, "Kitu cha bure hakithaminiwi." Neno hili husemwa sana na watu walioshiba. Mtoto ambaye mama yake aliuza ndoo na nyavu za marehemu ili amlipie nauli ya kwenda chuoni, hawezi kuidharau elimu kwa sababu chakula chake kimelipwa na Serikali. Na kama kitu cha bure hakithaminiwi, mbona twawapa wale wenye alama za juu?

Majirani zetu wamelijaribu jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 2023 Kenya ilianza utaratibu mpya ambao mwanafunzi mmoja hupata sehemu ya ruzuku na sehemu ya mkopo, na kadiri jamaa yake ilivyo na hali duni ndivyo sehemu ya ruzuku inavyozidi. Asili ya shauri lile twaiona kuwa njema kuliko yetu, maana zawadi na uhitaji vimefungwa pamoja. Lakini utekelezaji wake ulileta malalamiko mengi ya watu waliosema wamewekwa katika daraja lisilo lao, na mwezi Desemba 2024 Mahakama Kuu ya huko ikaukataa utaratibu huo, kisha shauri likaendelea katika rufani. Funzo lake ni wazi. Haitoshi kusema ruzuku ni ya maskini. Lazima kwanza uwe na macho ya kumtambua maskini. Mgawanyo mwema juu ya kipimo kibaya ni nyumba nzuri juu ya mchanga wa pwani.

Basi yafuatayo ndiyo mashauri yetu, nayo ni matatu.

Shauri la kwanza ni la kipimo. Mahali ambapo cheti hakipo kwa sababu inayoeleweka, ushuhuda wa shule na upokewe kwa muda, ukithibitishwa na mtendaji wa kata, mpaka cheti kipatikane. Shule imemwona mtoto kwa miaka. Yajua ni nani alikuja bila viatu, ni nani alirudishwa nyumbani akalete daftari asilete, ni nani baba yake alizama. Mwalimu akishuhudia uongo na aadhibiwe kwa sheria. Lakini asihesabiwe kuwa kipofu.

Shauri la pili ni la mgawanyo. Heshima ya alama na ibaki. Walioongoza na waitwe kwa majina mbele ya taifa, wapewe na zawadi. Lakini ulipaji mzima wa masomo uende kwanza kwa wale ambao katika hao, na katika wanaowafuata, wameonekana hawana mwingine wa kuwalipia. Tena kwa walio wahitaji kabisa, walau chakula na malazi ya mwaka wa kwanza yaandikwe kuwa ruzuku, si mkopo. Mwaka wa kwanza ndio uwarudishao wengi nyumbani.

Shauri la tatu ni la malipo, na hapo twarudi kwenye kijiji chenye njaa cha Mwalimu Nyerere. Yule aliyekubali kufundisha au kutibu mahali ambapo wengine hawataki kwenda, mathalani katika visiwa vya Ukerewe na Ukara, na apunguziwe deni lake kwa kila mwaka anaotumika huko. Huyo amekwisha kurudi kijijini na shehena mabegani. Kumkata asilimia 15 ya mshahara wake ni kumdai mara mbili, kwa kazi na kwa fedha.

Mashauri haya ni ya wakubwa kuyapima. Lakini liko ambalo sisi waalimu twaweza kulifanya bila kungoja barua ya mtu. Shuleni kwetu tumeanza kumwekea kila mtoto aingiaye Kidato cha Kwanza bahasha yake, na juu yake tumeandika maswali manne: cheti cha kuzaliwa kipo? Wazazi wa hai? Kama mmoja amefariki, cheti chake kipo? Jamaa yake imo katika daftari la TASAF? Palipo na jibu la "hapana" twamwita mzazi siku ile ile, wala hatungoji miaka sita. Ni kazi ndogo, isiyotaka fedha ila bahasha na subira. Mwaka huu tulipozifungua, tuliwakuta watoto kumi na mmoja walioandikwa "yatima" katika daftari, na katika hao wawili tu ndio wenye vyeti vya vifo. Tisa waliosalia tunawashughulikia sasa.

Wenzetu wa shule nyingine za ziwani, fungueni madaftari yenu mkatazame. Na mwenye shauri bora kuliko haya yetu na aliandike, nasi tutalisoma kwa furaha.